Leseni ukutani, kadi yako kwenye droo

Wakopeshaji wenye leseni hupenda kutuambia tuwakimbie wale wa "kausha damu". Sawa. Lakini jamani, leseni peke yake inatosha?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwaweka chini ya Benki Kuu, na riba ikawekewa kikomo: asilimia 3.5 kwa mwezi. Sasa tupige hesabu. Unakopa 100,000, unakatwa 20,000 ya "fomu na usimamizi", unaondoka na 80,000. Mwisho wa mwezi unarudisha 103,500. Kwenye karatasi riba ni 3.5. Mfukoni umeumia zaidi ya asilimia 29. Ukiwa mwalimu, huenda na kadi yako ya ATM imebaki kwenye droo yao, pamoja na namba ya siri.

Benki Kuu haiwezi kuweka mkaguzi kwenye kila meza. Anayeujua mchezo huu vizuri ni mkopeshaji wa jirani. Basi kanuni za maadili zisibaki kwenye makabrasha. Vyama vyao vipokee malalamiko yetu, na anayekiuka afukuzwe, atangazwe kwa jina. Wakilindana, wasishangae tukiwaita wote kausha damu.

Wewe unasemaje?