Rili ya Mjomba na Karatasi Isemayo "Usifungue"

Niliahidi kumalizia somo letu la hifadhidata wiki hii, na litakuja, lakini kwanza niruhusuni nitoe dukuduku. Nina hasira, na hasira yangu inahusu rili ya kuvulia samaki. Msicheke. Mtaona inavyotuhusu sisi watu wa tarakilishi.

Mjomba wangu anaishi Kilifi. Miaka kadhaa iliyopita mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia ufito na rili, ile aina ambayo spuli yake haizunguki. Kinachozunguka ni rota, yenye waya uliopinda kama mshikio wa ndoo, na waya huo ndio unaoukunja mshipi kwenye spuli. Mjomba huenda nayo kwenye dau kutafuta kolekole, na kolekole hao ndio karo ya binamu zangu. Kaskazi ikaanza, bahari ikatulia, rili nayo ikachagua wakati huo huo kuharibika. Ukizungusha mpini kwenda mbele, sawa. Samaki akivuta, mpini unarudi kinyume kwa kasi na kukugonga vidole.

Akapanda matatu hadi Mombasa, kwenye duka moja la vifaa vya uvuvi. Kijana wa kaunta akaizungusha mara mbili, akamrudishia: "Mzee, gia zimekwisha. Vipuri hakuna. Nunua nyingine." Hata bisibisi hakuigusa! Ni sawa na mteja anayekupigia simu kukwambia "mtandao umeharibika," nawe bila kufungua chochote unamwambia anunue tarakilishi mpya.

Nilipomtembelea Jumamosi, mjomba aliniwekea rili mapajani hata kabla sijamaliza kumwamkia.

"Mwanangu, wewe si umesomea mashine?"

"Mjomba, nilisomea kompyuta."

"Na kompyuta si mashine?"

Sikuwa na jibu. Miaka minne ya chuo kikuu, shahada ya sayansi ya kompyuta ukutani, na sikuwahi kushika gia mkononi.

Lakini kutafuta hitilafu nakujua, hiyo ndiyo kazi yangu. Kabla ya kufungua skrubu hata moja nilizungusha mpini polepole huku nimeweka sikio. Katika rili nyingi, mpini ukienda mzunguko mmoja, rota huenda kama mitano. Kwa hiyo ukisikia mkwaruzo mara moja tu kwa kila mzunguko wa mpini, shuku gia kuu au beringi zake. Ukiusikia mara tano, shuku pinioni, ile gia ndogo inayozungusha rota, au beringi inayoishika. Ukisikia kama mchanga unasagika mfululizo, pengine ni chumvi imeingia kila mahali. Rili ya mjomba haikukwaruza kabisa. Gia zilikuwa laini kama siagi! Ilirudi nyuma tu. Basi yule kijana alikuwa amemhukumu mtu asiye na kosa.

Tukaweka meza chini ya mwembe. Trei ya mayai ni kifaa bora kuliko vyote: kila kipande kinachotoka unakiweka kwenye kishimo chake kwa mpangilio, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia, na kabla ya kukitoa unakipiga picha kwa simu. Ninyi mnaotumia Git mnanielewa. Angalieni pia bisibisi. Skrubu za rili zilizoundwa Kijapani zina msalaba unaofanana na ule wa kawaida lakini si ule ule, na bisibisi ya kawaida huruka na kula kichwa cha skrubu. Nilikuwa na seti ya kufungulia simu, ikanisaidia. Spuli ikatoka, nati ya rota ikatoka (katika baadhi ya rili nati hii hufunguka kinyume, kwa hiyo msitumie nguvu kabla ya kujaribu pande zote mbili), rota ikatoka, na chini yake tukaikuta beringi ya kuzuia kurudi.

Beringi hii nimeipenda. Ndani yake mna vijiti vifupi vya chuma, na kila kimoja kimekaa kwenye kinjia kilichoinama, huku springi ndogo mno ikikisukuma. Mhimili ukizunguka kwenda mbele vijiti vinalegea na kuuacha upite. Ukijaribu kurudi nyuma, vijiti vinabingirika kuelekea upande mwembamba wa kinjia na kubana. Haina programu wala umeme. Ni sentensi moja ya "kama hivi, basi vile" iliyoandikwa kwa chuma. Lakini springi zile hazina nguvu. Zinahitaji nafasi safi na tone dogo la mafuta mepesi. Ya mjomba ilikuwa imejaa grisi nzito ya rangi ya kahawia, imegandamana na chumvi, na vijiti vimenasa humo kama nzi kwenye asali.

Grisi hiyo ilitoka wapi? Mjomba akatazama pembeni. Mwaka uliotangulia rili ilianza kupiga kelele, akampelekea fundi wa baiskeli, fundi akaipakia grisi ileile ya ekseli mpaka ikafurika.

Hapa ndipo wapinzani wangu wanapochekelea. Unaona? Watu wasiojua wakiachiwa kufungua, wanaharibu. Ndiyo maana imeandikwa usifungue! Jamani, fikirini kidogo. Mgeni yule alimwachia mjomba na karatasi ya maelekezo, ninayo hapa. Ina lugha saba. Katika lugha zote saba inasema rili isifunguliwe na mwenyewe, ipelekwe kituo kilichoidhinishwa. Vituo vyote vilivyoorodheshwa viko nje ya Afrika. Hakuna hata mstari mmoja unaosema "hapa weka grisi, pale usiweke." Fundi wa baiskeli hakuharibu kwa sababu alifungua. Aliharibu kwa sababu aliyejua aliamua kunyamaza. Ukimficha mtu ujuzi, kisha akikosea umwambie "tulikuonya," wewe ni mwalimu wa namna gani?

Na ujuzi wenyewe si siri ya serikali. Alfred Illingworth, mwenye viwanda vya nguo kule Bradford, Uingereza, alipata hataza ya rili ya spuli isiyozunguka mwaka 1905. Chombo hiki kina zaidi ya karne moja. Kampuni ya Penn ya Marekani, iliyoanza Philadelphia mwaka 1932, hutoa michoro ya rili zake ikionyesha kila skrubu na namba yake. Kwa hiyo inawezekana, na biashara haifi. Wengine wameamua tu kutofanya.

Nikubali jambo moja ili nisionekane mkaidi. Kuna rili za siku hizi ambazo mhimili wake umezibwa kwa mafuta ya sumaku. Mafuta hayo yalibuniwa na Steve Papell wa NASA mwaka 1963 kwa ajili ya roketi. Sumaku ndogo huyashika yakawa kama ukuta unaozuia maji. Ni ubunifu mzuri, nauvulia kofia. Ukiichomoa rota kwa pupa unauvunja ukuta huo, na hakuna mafuta ya jikoni yatakayoujenga upya. Onyo hapo lina sababu. Lakini ukuta huo nao huzeeka, na siku ukizeeka ukiwa Kilifi, chombo chako kinakuwa jiwe la bei ghali. Ushauri wangu kwa mtu wa pwani yetu ni usiinunue. Nunua ile inayofunguka, hata kama maji huingia, kwa sababu maji yakiingia utayatoa mwenyewe.

Jumatatu niliwasimulia wenzangu ofisini. Mmoja, programa hodari kweli, akaniambia saa nne nilizotumia ni ghali kuliko rili. Nimeichoka hesabu hii. Inadhani kila saa ya Jumamosi yangu ina mnunuzi anayeisubiri mlangoni. Inadhani pia kwamba mjomba ana pesa za rili nyingine. Na sisi waandishi wa programu tungekuwa wa mwisho kuisema, maana nusu ya zana tunazolia nazo chakula zipo kwa sababu mtu alikataa kufungiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Stallman wa MIT alinyimwa msimbo wa printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Angeweza kusema wakati wake ni ghali. Mwaka 1983 akatangaza GNU. Mwenzangu huyo huyo ana kibandiko cha Linux kwenye laptopu yake! Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuhimiza ukarabati, ikataja mashine za kufulia, friji na simu. Rili haimo, na hata ingekuwamo, mkono wa sheria hiyo haufiki Kilifi.

Turudi mezani. Beringi tuliiosha kwa mafuta ya taa, tukaiacha ikauke kabisa, tukaipa tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja! Mjomba alitaka kuongeza, nikamshika mkono. Gia kuu tuliisugua kwa mswaki wa zamani na kuipaka grisi mpya, nyembamba, kwenye meno tu. Hapo ndipo grisi inapohitajika. Kirola kidogo ambacho mshipi hupita juu yake kilikuwa kimeganda kwa chumvi, na hiyo ndiyo sababu mshipi wake ulikuwa ukikatika kila mara, kwani ulikuwa unasuguliwa mahali pamoja badala ya kubingirishwa. Mjomba alikuwa akimlaumu muuza mishipi.

Beringi moja ilikuwa na kutu na haikufaa tena. Nikaipima: tundu milimita 7, upana wa nje 14, unene 5. Hiki ni kipimo cha kawaida, kimeandikwa 687ZZ, na hutengenezwa na viwanda tele. "Vipuri hakuna," alisema yule kijana! Ulizeni tu ile isiyoshika kutu, kwa sababu ya chuma cha kawaida haitadumu baharini.

Naomba pia mniwekee chini ile kopo ya WD-40. Jina lenyewe linawaambia: ni fomula ya 40 ya kufukuza maji, iliyopatikana San Diego mwaka 1953. Hulegeza skrubu yenye kutu vizuri sana. Ukiipulizia ndani ya rili inaiosha grisi yote, nayo inakauka na kuacha gia zikisagana chuma kwa chuma. Na ukitoka baharini usiipige rili kwa mpira wa maji wenye presha, utaisukuma chumvi ndani. Kaza breki, mwagia maji baridi taratibu kama unayemnawisha mtoto uso, futa, kisha ilegeze breki kabla ya kuihifadhi ili washa zake zisibaki zimebanwa.

Tulipoifunga, vishimo vyote vya trei vilikuwa vitupu, jambo ambalo lilinishangaza mimi kuliko mjomba. Akavuta mshipi kwa nguvu zake zote, na mpini haukusogea.

Jumamosi hii nimekwenda tena. Nimemkuta chini ya mwembe, trei ya mayai mbele yake, rili ya jirani imefunguliwa nusu, na yule fundi wa baiskeli ameketi kando akipiga picha kwa simu. Nikamwamkia. Akaniambia nisogee, namzibia mwanga.