Kaliba ndogo ndiyo nafuu kwa mlenga shabaha wa Mtwara

Minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, fedha huingia mikononi mwa watu wengi kwa mpigo, kuanzia Mtwara mjini na Mikindani hadi Tandahimba na Newala. Wengi hununua bati, pikipiki na kulipa ada za shule. Wachache waliobakiwa na akiba hutamani kitu cha starehe, na miongoni mwao wapo wanaotaka bunduki ya kulengea shabaha.

Soko hilo ni dogo, lakini mtu akikosea ndani yake hasara yake ni ya miaka. Bunduki si baiskeli. Aliyeichoka hawezi kumuuzia jirani jioni moja kwa makubaliano ya mdomo, kwa kuwa mnunuzi naye lazima awe na kibali. Mtaji ukishaingia humo, umelala.

Kosa la kawaida ni kuanza na swali la nguvu. Mnunuzi huuliza ni bunduki ipi yenye mshindo mkubwa na inayofika mbali. Swali la mfanyabiashara ni jingine: risasi zake zinauzwa wapi, kwa bei gani, na zitapigwa mahali gani? Mwenye boti wa Msanga Mkuu hanunui mashine kabla ya kuulizia spea na mafuta. Bunduki hununuliwa mara moja, lakini risasi hununuliwa maisha yote.

FUNZO LA RUVUMA

Mto Ruvuma wenyewe uliwahi kutoa funzo hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wengi wa Wajerumani walianza na bunduki ya mwaka 1871, kaliba ya milimita 11, iliyotumia baruti ya moshi. Kila risasi ilitoa wingu lililomwonyesha adui mpigaji alipo. Zaidi ya hapo, meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, na risasi mpya zilikuwa adimu.

Tarehe 25 Novemba 1917 kikosi cha Jenerali von Lettow-Vorbeck kilivuka Ruvuma na kuishinda ngome ya Wareno ya Ngomano, Ruvuma inapokutana na Lugenda. Kilichomwokoa hapo ni ghala la risasi. Askari wake walichukua bunduki za Kireno pamoja na risasi zake, wakaendelea na vita kwa mwaka mzima. Hakuna aliyeililia bunduki ya zamani. Bunduki hufuata risasi. Risasi haifuati bunduki.

HESABU YA MWAKA

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, na ndiyo inayoamua risasi gani itaingia. Kwa mlenga shabaha wa leo, zinazotajwa sana ni tatu: .22, .308 na .375.

Ya kwanza, .22 ndefu, imekuwapo tangu 1887. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6. Ya pili, .308, ilitoka kiwandani Marekani mwaka 1952, na kichwa chake cha kulengea shabaha huwa na gramu 11 hivi. Ya tatu, .375, ni ya mwaka 1912. Ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya wanyama wakubwa wa Afrika, na kichwa chake cha kawaida hufika gramu 19.

Tuseme mlenga shabaha anapiga risasi 50 kila wiki, kiasi ambacho si kikubwa kwa mtu anayetaka kuendelea. Kwa mwaka ni risasi 2,600. Kwa .22 atakuwa amerusha kilo zipatazo 7 za risasi. Kwa .308 ni kilo 28 na ushei, na kwa .375 ni kilo 50. Baruti nayo haiko nyuma: ganda moja la .308 hubeba mara 20 na zaidi ya lile la .22. Madini hayo na baruti hiyo vyote hulipiwa na mnunuzi.

Ufungaji nao unasema hayo hayo. Boksi la .22 kwa kawaida lina risasi 50, na la bunduki kubwa lina 20. Mpigaji huyo atahitaji maboksi 52 ya .22 kwa mwaka, au maboksi 130 ya .308, ambayo kila moja lina bei kubwa kuliko la kwanza. Mtutu pia huchakaa kwa kasi tofauti. Wa .22 hupiga makumi ya maelfu ya risasi bila kupoteza shabaha. Wa .308 hesabu yake ni ya maelfu machache.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Wapo wanaosema .22 ni ya watoto. Hoja hiyo haina uzito. Katika Olimpiki, shindano la mita 50 hupigwa kwa .22, na duara la katikati la shabaha lina upana wa milimita 10.4, dogo kuliko sarafu ya shilingi 100. Anayedhani ni mchezo wa watoto na alijaribu duara hilo.

Wengine husema ni afadhali kununua .375 moja ifanye kazi zote, mawindo na shabaha. Ni kweli kwamba kwa wanyama hatari kama tembo na nyati kaliba hiyo ndiyo ya chini inayokubalika nchini. Lakini mateke yake kwenye bega ni makali. Mpigaji mchanga huanza kufumba macho na kujikunja kabla hajavuta kifyatulio, na kasoro hiyo humganda. Baada ya maboksi mawili bunduki hurudi kabatini, ikabaki mali ya kuonyesha wageni.

Hoja ya .308 ina nguvu zaidi. Kwa mita 300 na kuendelea, .22 haina jibu. Swali ni kwamba mita hizo 300 ziko wapi. Risasi ya .22 yenyewe inaweza kuruka zaidi ya kilomita 1, na ya .308 zaidi ya kilomita 4. Pwani kuanzia Msimbati hadi mdomo wa Ruvuma si pori tupu. Kuna mashamba ya korosho yenye waokotaji, wavuvi wa mikokoni na njia za miguu zisizo kwenye ramani. Bila uwanja ulioruhusiwa wenye tuta nene la udongo, .308 ni hatari isiyo na mahali pa kupigwa. Tuta la kutosha mita 50 ni gharama ambayo kikundi cha watu wachache wanaweza kuchangia. Uwanja wa mita 300 ni mradi mwingine kabisa.

SHERIA NA MPAKA

Mnunuzi asisahau anaishi wapi. Oktoba 2020 watu wenye silaha kutoka upande wa Msumbiji walishambulia kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma. Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mto, ulivamiwa. Katika mkoa wa namna hiyo kila silaha huangaliwa kwa macho mawili, na ni haki iwe hivyo.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inataka leseni. Maombi huanzia ngazi ya kijiji au mtaa, yakapanda hadi kata, wilaya na mkoa. Kwa hiyo utaratibu wa busara ni kwenda polisi kabla ya kwenda dukani. Mnunuzi aulize kama kaliba anayoitaka inaruhusiwa kwa raia, risasi ngapi anaweza kununua na kuhifadhi, na mahali gani pa kupigia panakubalika. Bunduki ya upepo ya milimita 4.5 nayo iulizwe hapo hapo, isidhaniwe kuwa kitu cha kuchezea.

Ongezeko la gharama lipo hata baada ya leseni. Kabati la chuma lenye kufuli si hiari. Hewa ya chumvi ya Mikindani hula mtutu usiopakwa mafuta, na risasi zinataka kopo kavu linalofungwa vizuri. Aliye zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam ahesabu pia safari ya kila mara risasi zinapokwisha. Ndiyo maana kaliba adimu, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, haifai. Bei ya kutupa mara nyingi ni dalili kwamba mwenyewe ameshindwa kupata risasi.

Ushauri kwa soko hili ni mfupi. Mwenye nia ya kulenga shabaha achague .22, na fedha anayookoa aiweke kwenye tuta, kabati na maboksi ya risasi. Anayetaka .308 asubiri mpaka uwanja uwepo. Na anayejua kuwa hatapiga hata risasi 500 kwa mwaka, asinunue chochote. Faida yake kubwa ni ile fedha aliyoiacha benki.