WAKUBWA WA MOTO NAO WARUDI DARASANI



Kiangazi kikifika Kericho na Bomet, kati ya Desemba na Machi, msitu wa Mau hukauka, na mikaratusi ya mashamba ya majani chai hukauka nao. Moto ukizuka mpakani, mchumaji huacha kikapu, akashika panga na tawi bichi, akaingia moshini. (Mashine zimechukua kazi ya wengi wetu, lakini hatujaona mashine ikitumwa kupiga moto kwa tawi.) Asimame upande gani wa upepo, arudi saa ngapi? Hayo huamuliwa na mkubwa, na leo twasema habari za huyo mkubwa.

Nyapara akikosea hupelekwa kozi. Afisa wa misitu au meneja akishapanda cheo, watu huona haya kumwambia arudi kusoma. Kazi yake ni kutia sahihi barua za kuwapeleka wengine. Twaona hapo pana kosa. Kupiga moto ni kazi moja. Kuongoza watu 300 wa idara tatu, usiku, ni kazi nyingine, na mtu hafundishwi hiyo mara moja ikatosha.

Tazameni yaliyotokea Marekani. Tarehe 6 Julai 1994, katika mlima wa Storm King, jimbo la Colorado, wazima moto 14 walikufa. Upepo mkali ulikuwa umetabiriwa, lakini habari hiyo haikuwafikia waliokuwa mlimani. Watu hao hawakuwa wageni wa kazi. Walikosa neno kutoka juu. Baadaye wenzetu wa huko waliweka mafunzo ya uongozi kwa kila cheo, hata cha juu kabisa. Wakubwa hupelekwa mlimani penyewe, wakapita kwa miguu njia waliyopita wale marehemu, na kila mmoja huulizwa: wewe ungalitoa amri gani hapa? Ni somo gumu kwa mtu mwenye nyota begani, na ndiyo sababu twalipenda.

Hatuna haja ya kwenda Colorado. Chuo cha Misitu kiko Londiani, papa hapa Kericho, tangu 1957. Twataka maafisa wa Huduma ya Misitu, wa kaunti, na mameneja wa mashamba waketi huko pamoja kila mwaka kabla ya kiangazi, na nyapara na mwakilishi wa wafanyakazi wakae meza hiyo hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamdai mwajiri atoe mafunzo na usimamizi. Usimamizi gani, ikiwa msimamizi mwenyewe hakufunzwa?

Wawakilishi wa kila shamba wamwulize meneja maneno mawili. Mara ya mwisho alisomea uongozi wa moto mwaka gani? Na akiwa Nairobi, nani hutoa amri? Majibu yaletwe ofisi ya tawi, kwa maandishi, kabla ya mwisho wa Novemba.