Mkienda Zombe Kuwaona Wakwe

Mama mmoja wa Buruburu, Nairobi, ameniandikia akiomba ushauri. Mwanawe amepata mchumba, na kwao msichana ni Zombe, mashariki ya Kitui. Desemba hii jamaa nzima imealikwa kwenda kujuana na wazazi. Mama anauliza wavae nini. Vaeni nguo za heshima, dada yangu, na viatu visivyoogopa vumbi. Hilo ndilo jambo dogo kabisa katika safari hiyo.

Jambo kubwa ni maji. Zombe ni nchi kavu. Mito ya huko huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka, na watu huchimba mashimo humo mchangani mpaka wayafikie maji, wakayachota polepole kwa kata na kuwapakia punda mitungi. Tangu miaka ya 1990 wenyeji wa Kitui wamejenga mabwawa mengi ya mchanga, yaani kuta zinazokingama mtoni ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji ndani. Afadhali imepatikana, lakini mtungi wa lita 20 bado una jasho la mtu. Sasa mgeni wa mjini, aliyezoea kufungua mfereji tu, huletewa karai la kuoga naye akadai la pili. Hakuna atakayemkatalia. Mwenyeji atatabasamu, na alfajiri binti mmoja wa nyumba hiyo ataamka kumfuata punda.

Mimi nimeliona hilo kwa macho yangu. Kijana niliyefuatana naye huko Ukambani aliosha raba zake kwa maji tuliyotengewa ya kunywa. Mama mwenye nyumba hakusema neno, ila chai ya jioni hiyo ilichelewa mno, na sote tulijua sababu. Hadi leo nikikumbuka naona haya.

Basi waambieni watoto kabla ya kutoka nyumbani: utaoga kwa maji uliyopewa, na yakibaki usiyamwage, kwani yana kazi nyingine. Kama mna gari, pakieni mitungi miwili mitatu ya maji pamoja na sukari, majani ya chai na leso ya mama. Mbuzi wa ntheo msiwapeleke kama hamkuambiwa. Ntheo ina siku yake na wazee wake.

Kisha kuna lugha. Umesema wewe ni Mkikuyu, kwa hiyo jihadhari na neno “mutumia”. Kwenu ni mwanamke aliyeolewa. Kwa Wakamba ni mzee mwanamume wa kuheshimiwa. Baba wa msichana akiitwa hivyo mbele ya watu, vijana wako wasije wakaangua kicheko. Mkisalimiwa “Wakya”, itikeni “Aa”. Mkipewa kitu semeni “Ni muvea”, yaani asante. Maneno hayo machache tu yatawafungulia mlango.

Mtaandaliwa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, kisha yakapikwa kwa maharagwe au mbaazi. Tafadhalini, mtoto asiseme, “Kumbe ni githeri!” Aliyeushika mchi ndiye ajuaye tofauti. Na ule mzaha wa Nairobi kuhusu Wakamba na uchawi uacheni huko huko Buruburu, hata kama wenyeji wenyewe watautania.

Sasa njia. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima wa Kitui wanazozitegemea zaidi, na zikinyesha ile mito ya mchanga hufurika kwa muda mfupi sana. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu, karibu na Mwingi, katika kaunti hiyo hiyo ya Kitui. Watu zaidi ya 30 walikufa. Nao walikuwa na shughuli ya heshima ikiwangoja ng’ambo, kama ninyi.

Kwa hiyo mkikuta maji yamepita juu ya barabara, msimhimize dereva eti wakwe wamekwisha kupakua. Shukeni garini, mpige simu Zombe mseme mmezuiwa na mto, kisha mngoje maji yapungue, hata kama itakuwa ni kulala njiani.