Miaka ya Kukaa Pamoja Haikufanyi Mke

Vijana wenzangu, tuache kudanganyana. Kuna jamaa anamwambia dada wa watu: "Tushakaa miaka mitano, sheria inatuhesabu mume na mke." Hizo ni porojo za maskani.

Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya watu wawili walioanza kuishi pamoja 1986. Majaji walisema kudhaniwa wanandoa kwa sababu ya kukaa pamoja ni jambo la nadra, si kanuni. Hawa wawili hawakuhesabiwa wanandoa, kwani mwanamke alikuwa na ndoa nyingine haijavunjwa. Mali waliyogombania ikagawanywa kwa mchango: asilimia 70 kwa mwanamke, 30 kwa mwanamume. Tangu 1986 mpaka 2023, mwisho wake ni kuhesabiana risiti!

Sasa wewe dada unayechangia ploti yenye hati ya jina lake, utathibitisha vipi? Ukiachwa, hakuna talaka, hakuna eda, hakuna matumizi ya eda. Akifa, hurithi kama mke. Mtoto ana afadhali: Kifungu cha 53 cha Katiba kinawabebesha baba na mama jukumu sawa, wameoana au hawajaoana. Kwa hivyo kaka, usidhani utakimbia.

Wengine watasema, "Basi tuandikiane mkataba." Mkataba unaweza kugawa ploti na fanicha. Haukufanyi mke. Na kama mnaweza kukaa mbele ya wakili mtie saini, nini kinawashinda kukaa mbele ya walii na mashahidi wawili?

Na nyinyi wazazi, msijifanye hamumo. Kijana amekuja mlangoni kwa heshima, mkamtajia mahari kama bei ya gari, na harusi ya siku tatu juu. Mkifunga mlango wa halali, msishangae dirisha likivunjwa.

Tena kuna hizi nikahi za siri, hata cheti hakuna. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, ya Kiislamu pia. Bwana akikana, utamwonyesha kadhi picha za simu?

Dada, kabla hujahamisha begi lako, uliza maswali matatu: walii wangu anajua? Mashahidi ni nani? Cheti kiko wapi? Akianza kung'aka, ushapata jibu. Rudi na begi lako.