Nauli Ipimwe kwa Safari ya Abiria

Mwalimu anayepanda daladala mjini Morogoro na kushuka katikati ya njia hutozwa, mara nyingi, nauli ile ile anayotozwa mwenzake anayekwenda hadi mwisho wa safari. Tiketi hapewi. Akihoji, hujibiwa kwamba hiyo ndiyo nauli ya njia nzima, na asiyeitaka ashuke atembee. Jambo hili limezoeleka hata wengi wetu tumesahau kwamba upo utaratibu mwingine wa kukusanya nauli, tena si mgeni duniani.

Katika mabasi ya Uingereza, na katika makampuni yaliyofuata desturi yake, njia ya basi iligawanywa katika mafungu, na kila fungu likawa na bei yake. Abiria alitaja mahali alipopandia na mahali atakaposhukia, kisha akalipia mafungu atakayopita, basi. Tiketi ilikuwa na namba. Kila basi lilipofika mwisho wa njia, kondakta aliandika katika karatasi yake ya hesabu namba ya tiketi iliyokuwa ikifuata. Mkaguzi alipopanda ghafla, aliweza kujua ni nani aliyepitiliza fungu alilolilipia, na ni kondakta yupi aliyepokea fedha bila kutoa tiketi. Kwa hiyo kipande kile kidogo cha karatasi kilikuwa na kazi mbili: kulinda fedha ya mwenye basi, na kulinda haki ya abiria.

Kilichotupotezea kinga hiyo hakifichiki. Mwaka 1974 kampuni ya mabasi iliyojulikana kwa jina la DMT iligawanywa. UDA ikachukua usafiri wa jiji la Dar es Salaam, na KAMATA ikachukua safari za mikoani. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Fedha za kigeni ziliadimika, vipuri vikakosekana, na mabasi mabovu yakarundikana karakana huku wananchi wakijazana vituoni. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria jijini. Hata jina la magari hayo lilitokana na nauli: shilingi 5, iliyoitwa "dala" mitaani. Abiria alitoa dala yake akapanda, awe anakwenda karibu au mbali.

Hatuyabezi magari hayo. Yaliwatoa watu vituoni wakati ambapo hapakuwa na chombo kingine, na hadi leo ndiyo yanayobeba wafanyakazi na wanafunzi wetu. Lakini yalikuja na mfumo mpya wa fedha. Mwenye gari humtaka dereva alete "hesabu", yaani kiasi maalumu kila siku, na kinachozidi, baada ya mafuta, ni riziki ya dereva na kondakta. Mwenye gari wa namna hiyo hana haja ya tiketi, kwa kuwa hahesabu abiria. Kazi ya kwanza ya tiketi ilipokufa, ya pili nayo ikafa. Abiria akabaki bila ushahidi wowote mkononi.

Yapo wanayodai kwamba nauli zetu tayari hupangwa kwa umbali. Ni kweli, lakini ni kweli nusu. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipotangaza nauli mpya zilizoanza kutumika mwezi Desemba 2023, ilipandisha nauli ya daladala kwa njia isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600, na njia ndefu zaidi zikapangiwa viwango vyake. Hata hivyo, kinachopimwa hapo ni urefu wa njia ya gari. Safari ya abiria haikupimwa.

Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa tabia mbaya ya kukatisha njia. Gari lililopangiwa kwenda hadi mwisho hugeuzia katikati, abiria hushushwa, naye hulazimika kupanda gari jingine na kulipa upya nauli kamili. Udanganyifu huu una faida kwa sababu nusu ya safari inauzwa kwa bei ya safari nzima. Kama nusu ingelipiwa kwa bei ya nusu, anayekatisha njia angevuna kidogo mno, na kishawishi kingepungua chenyewe bila kumngoja askari barabarani.

Tunakiri kwamba utaratibu wa mafungu una taabu zake. Hutaka kondakta makini, huzaa mabishano mipakani mwa mafungu, na humpa asiye mwaminifu nafasi ya kuuza safari fupi kwa anayekwenda mbali. Lakini taabu hizo zina dawa, nayo ni tiketi na mkaguzi. Dhuluma ya kumtoza mtu safari asiyoisafiri haina dawa kama hatuna hata kumbukumbu yake.

Shida hii haiishii mjini. Barabara itokayo Bigwa hupita Mkuyuni na Matombo ikielekea Mvuha na Kisaki. Mkulima wa Uluguru anayeteremka na mkungu wa ndizi hupandia mahali popote njiani. Masika yakikolea na barabara ikawa tope, magari hupungua na bei hutajwa papo kwa papo. Ni haki nauli ya barabara ya vumbi kuwa juu kuliko ya lami, kwa kuwa gari huumia zaidi. Si haki bei hiyo kupangwa kwa kumtazama abiria usoni. Mwalimu aliyepangiwa kazi milimani, ambaye hana budi kuteremka mjini kwa shughuli zake, anapaswa kuijua nauli yake kabla hajaondoka nyumbani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, LATRA na Halmashauri zinazohusika zitenge mafungu katika kila njia ndefu, na bei ya kila fungu iandikwe mlangoni mwa gari na kituoni. Pili, tiketi itolewe kwa kila abiria, na mwenye gari awajibike pamoja na kondakta wake. Tatu, madereva na makondakta wapewe mikataba na mishahara, kwani anayefukuzana na hesabu ya jioni hawezi kuhimizwa kwa maneno matupu kutenda haki asubuhi.

Nasi abiria tuna wajibu wetu. Mtumishi anayedai stakabadhi dukani hana sababu ya kuona haya kudai tiketi ndani ya gari, na mwalimu akiidai mbele ya wanafunzi wake atakuwa amewapa somo la uraia. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Nauli ya mwananchi nayo ni mali.