Mbizi mia moja na pasipoti moja

Mwezi uliopita klabu yetu ya Kiingereza ilipokea mgeni. Ni kijana wa Uingereza aliye hapa mjini kwa kazi ya shirika fulani, na mwenzetu mmoja wa promosyo ndiye aliyemwalika. Jumamosi ile oditwari ilijaa, hata wanafunzi wa Kifaransa walikuja. Mgeni alitusimulia miaka miwili aliyoishi Asia. Mwaka wa kwanza alifundisha Kiingereza katika shule ya msingi kaskazini mwa Thailand, mwaka wa pili katika kituo cha lugha huko Hanoi, Vietnam. Kila likizo alibeba begi lake akaenda kupiga mbizi. Alitaja Koh Tao, kisiwa kidogo cha Thailand ambako shule za mbizi zimejaa ufuo mzima. Alitaja pia Moalboal huko Ufilipino, ambako dagaa wa baharini, jamaa ya sambaza zetu za Ziwa Kivu, huogelea karibu na ufuo kwa makundi makubwa yanayoziba mwanga wa jua. Picha zake zilikuwa nzuri. Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa, na wengi wetu hatujui kuogelea, tulizitazama kama watoto.

Mtu mmoja akamwuliza alisomea nini chuoni. Akajibu: jiografia. Na ualimu? Alifuata mafunzo ya saa 120 kwa intaneti, akapata cheti. Kisha akatueleza mwenyewe, bila kuona haya, kwamba siku moja mtoto wa darasa lake alimwuliza tofauti kati ya «must» na «have to». Alifikiri kidogo, akamjibu kwamba ni suala la sikio, mtu anasikia tu lipi linafaa. Tulicheka pamoja naye. Ni mtu mwema, na ninayoyaandika hapa si ya kumsema yeye.

Kilichoniuma kilikuja baadaye, wakati wa maswali. Hakuna aliyeuliza namna ya kufundisha watoto 40 wasiojua neno lako hata moja, jambo ambalo mgeni alikuwa amelifanya kwa mwaka mzima na angeweza kutufaa nalo. Tulimwomba asikilize matamshi yetu na kuyasahihisha. Mmoja baada ya mwingine tulisimama, tukasoma sentensi, tukangoja hukumu. Nyuma kabisa alikaa asistenti wetu wa fonetiki, mtu aliyetufundisha kuzitofautisha irabu za Kiingereza moja moja, kwa subira, katika chumba kisicho na kipaza sauti. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Na mimi nilinyosha mkono kama wengine.

Labda tunaona ni jambo dogo. Lakini nchi zinazowaajiri vijana kama mgeni wetu zimeiandika tabia hiyohiyo katika sheria. Chukueni mfano wa Korea Kusini. Viza ya mwalimu wa lugha, inayoitwa E-2, kwa kawaida hupewa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Pasipoti ikishakubaliwa, inatakiwa shahada ya kwanza, na shahada hiyo inaweza kuwa ya somo lolote: jiografia, uhasibu, ufugaji wa kuku. Tafuteni mantiki ya kiisimu katika orodha hiyo. Afrika Kusini imo, ingawa huko hata mtu mmoja kati ya kumi hazungumzi Kiingereza kama lugha ya kwanza nyumbani. Nigeria haimo, Ghana haimo, Kenya haimo, Uganda haimo, wala Zambia, nchi ambazo mtoto husomea hisabati kwa Kiingereza.

Jambo linaloshangaza zaidi ni la Ufilipino. Kwa miaka mingi Wakorea wamekuwa wakipanda ndege kwenda Cebu na Baguio kujifunza Kiingereza kwa walimu Wafilipino, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, saa nyingi kwa siku. Wanalipa na wanarudi wakisema wamefaidika. Mwalimu huyohuyo akitaka kuvuka bahari kwenda kumfundisha Mkorea yuleyule mjini Seoul, pasipoti yake haimo katika ile orodha. Kiingereza chake kinafaa akiwa Cebu. Akishuka uwanja wa ndege wa Incheon, hakifai tena.

Niseme na yangu. Mwaka jana nilituma maombi kwa wakala mmoja anayetafutia walimu shule za Asia. Katika fomu, sehemu ya uraia ilikuwa na orodha ya kuchagua. Nikashuka nayo hadi chini, Kongo haimo. Mwisho kabisa palikuwa na neno «nyingine». Nikabonyeza hilo. Jibu lilifika kabla chai yangu haijapoa: walinisifu kwa barua iliyoandikwa vizuri, wakasikitika kwamba wanapokea wasemaji wazawa tu. Hawakuomba kunisikia nikifundisha, hata dakika tano. Kwa kweli hawakuomba kunisikia nikisema lolote.

Sasa turudi kwenye mbizi, kwa sababu mgeni wetu alitupa somo ambalo nadhani yeye mwenyewe hakuliona. Aliniambia kuwa cheti chake ni cha ngazi ya kwanza, kile ambacho shirika la PADI huita Open Water, na kwamba cheti hicho kinamfikisha mita 18 chini ya maji, si zaidi. Nikamwuliza kwa nini hakufundisha mbizi, maana aliipenda kuliko darasa. Akacheka. Akasema haiwezekani hivihivi: ngazi ni nyingi, na kabla ya mtihani wa ukufunzi lazima daftari lako lionyeshe mbizi 100. Kila mbizi inaandikwa: tarehe, mahali, kina, dakika ulizokaa chini, na sahihi ya aliyekuwa nawe. Kisha unaingia majini mbele ya mtahini na kuonyesha kwamba unaweza kumfundisha mtu mwenye hofu asizuie pumzi, apande polepole, amtazame mwenzake. Kibali cha kazi bado utaombwa, hilo ni la serikali. Lakini mtihani wenyewe hauulizi mama yako alikuzalia wapi. Mjapani anaufanya, Mmisri anaufanya, Mfilipino anaufanya.

Kwa hiyo ufuo mmoja wa Thailand una aina mbili za walimu. Wa kwanza huonyesha daftari, wa pili huonyesha pasipoti. Mtu atasema mbizi ni hatari na mwalimu mbaya anaweza kuua, lakini «must» na «have to» haziui mtu. Ni kweli. Hata hivyo mtoto wa kijijini aliyebadilishiwa mwalimu mara tatu katika miaka miwili, kila mmoja akianza upya na rangi na majina ya wanyama, ameibiwa kitu, na hakuna atakayeandika popote kwamba kimeibiwa.

Wako watakaonijibu kwamba soko linataka hivyo, kwamba wazazi wanaolipa ndio wanaotaka uso fulani na lafudhi fulani. Nakubali kwamba wanataka. Nakubali pia kwamba aliyezaliwa na lugha ana kitu nisichonacho. Mgeni wetu anajua bila kufikiri maneno gani yamechakaa na gani yanachekesha, na mimi nitayatafuta maisha yangu yote. Péter Medgyes, mwalimu wa Kiingereza kutoka Hungaria, alilizungumza jambo hili waziwazi tangu miaka ya 1990: mwalimu asiye mzawa ana upungufu katika lugha, lakini amepita njia ambayo mwanafunzi wake anaipita, anajua mashimo yako wapi, na ni mfano wa mtu aliyefika. Mzawa hawezi kuwa mfano huo hata akitaka, kwa sababu hakusafiri. Nasi wa Kivu tumesafiri zaidi ya wengi: Kimashi au Kihavu nyumbani, Kiswahili barabarani, Kifaransa shuleni, halafu Kiingereza. Mtu aliyekwisha kujifunza lugha tatu kabla ya kufikia ya nne anajua mambo kuhusu kujifunza ambayo cheti cha saa 120 hakiwezi kumpa.

Lakini hapa inabidi tuache kujisifu. Kujua njia si kujua kumwongoza mtu mwingine. Hebu tujiulize kwa unyofu: tukiambiwa leo tuonyeshe daftari letu, lina nini? Tuna kozi za fonolojia, sintaksia, fasihi ya Kiingereza, na memwari ya kurasa 60. Kwenye staji wengi wetu tunafundisha masomo machache mbele ya darasa, msimamizi akipatikana anakuja mara moja, fomu inatiwa sahihi, yameisha. Najua wahadhiri wetu wana mzigo mkubwa na mishahara inayochelewa, wala sidai wafanye miujiza. Nasema tu kwamba tukilalamika kuwa Seoul inaangalia pasipoti badala ya ufundi, lazima ufundi wenyewe uwepo na uonekane.

Na ufundi huo una kazi hapahapa. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza ndicho kitakuwa lugha ya kufundishia. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo wafanyabiashara, madereva na makarani wa forodha wanatafuta masomo ya jioni. Nendeni mkasome matangazo yaliyobandikwa kwenye kuta za mji. Utakuta «mwalimu mwenye lafudhi ya Kimarekani». Sisi ndio tunaoyaandika matangazo hayo, hakuna Mkorea aliyetulazimisha. Kuna mwenzetu, simtaji, anayetafuna maneno yake kama mwimbaji wa Atlanta ili apate wateja, na wateja wake hawajui kuandika barua ya kuomba bei.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji fedha ya mtu. Kila mwanafunzi wa idara yetu awe na daftari, kama lile la wapiga mbizi. Kila somo analofundisha, liwe la staji, la shule ya jumapili au la mtoto wa jirani, aliandike: tarehe, darasa, idadi ya wanafunzi, alilokusudia, lililotokea, na sahihi ya mwenzake aliyeketi nyuma akitazama. Hadi kumaliza lisansi masomo yafike 100. Sidanganyi mtu kwamba daftari hilo litafungua mlango wa Korea. Sheria ya viza haisomi madaftari. Hata milango iliyo wazi leo hufungwa: mwaka 2021 China ilipiga marufuku watoto kufundishwa kwa intaneti na walimu walio nje ya nchi, na ajira nyingi zikafa ndani ya miezi michache. Lakini mkuu wa shule wa hapa mjini atalisoma, na asistenti wetu wa fonetiki pia, ambaye Jumamosi ile alitoka kimya kabla ya picha ya pamoja.

Nilimfuata siku mbili baadaye ofisini kwake, nikamweleza wazo hili. Aliuliza swali moja tu: nani ataanza? Basi wiki ijayo, siku ya Jumatano, nitaingia katika darasa la shule moja ya sekondari iliyo karibu na soko, wanafunzi 58, dakika 50. Wenzangu wawili watakaa nyuma na kalamu, na asistenti amesema atakuja akipata usafiri. Somo nililochagua ni «must» na «have to».